Saa ya Msikiti na Mti wa Vifaa: Jinsi ya Kusasisha Bodi Bila Kupoteza Nyakati za Swala

Bismillahi Rahmani Rahim.



Siku hizi si ajabu kuingia msikitini au katika chumba cha swala cha chuo na kukuta skrini ukutani inayoonyesha nyakati za swala. Mara nyingi nyuma ya skrini hiyo pamefichwa kompyuta ya bodi moja, ndogo kama kitambulisho, kwa mfano Raspberry Pi. Aliyeiunga alikuwa mwanafunzi, naye alihitimu akaenda zake. Waliobaki wanajua kuiwasha na kuizima tu. Kisha siku moja mtu anashauri, "Tuisasishe, programu zake ni za zamani." Inasasishwa, skrini inawaka vizuri, kila mtu anafurahi. Umeme ukikatika na kurudi, saa inaonyesha wakati ambao si wenyewe, na hakuna anayejua kwa nini.

Somo hili linaeleza sababu na dawa yake. Mwandishi anasoma taaluma za Kiislamu, si uhandisi, kwa hiyo nitajitahidi kutumia lugha ambayo sote tunaifahamu.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Kuingia kwa wakati ni sharti la kusihi kwa swala. Aya ya 103 ya Suratu An-Nisaa inatufundisha kwamba swala ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu. Anayeswali faradhi kabla ya wakati wake hajaitekeleza faradhi hiyo, na anayefuturu kabla ya jua kuzama ameiharibu saumu yake. Ndiyo maana wanazuoni wetu wa zamani walilipa suala la wakati uzito mkubwa. Katika misikiti mikubwa ya Misri na Sham palikuwa na muwaqqit, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupima na kutangaza nyakati. Mashuhuri miongoni mwao ni Ibn al-Shatir wa Msikiti wa Umawiyya, Damascus, aliyetengeneza saa kubwa ya jua kwa ajili ya mnara wa msikiti huo mwaka 1371, naye akafariki mwaka 1375.

Skrini ya ukutani leo imepewa sehemu ya kazi ya muwaqqit. Hapa Kampala tuko karibu kabisa na ikweta, na watu hudhani nyakati hazibadiliki. Zinabadilika. Jua hupita katikati ya mbingu kati ya saa 6:33 na saa 7:04 mchana kutegemea siku ya mwaka, na Magharibi huingia takriban kati ya saa 12:36 jioni na saa 1:07 usiku. Tofauti ya nusu saa ndani ya mwaka ni kubwa kwa mwenye kufunga. Programu hukokotoa nyakati hizi kwa tarehe na saa ya kompyuta. Hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini ikiwa kompyuta haijui saa ni ngapi, jibu litakuwa kosa.

BODI HAINA SAA YAKE

Kompyuta ya mezani ina betri ndogo inayoiwezesha saa yake kuendelea hata ikizimwa. Raspberry Pi zote kabla ya ile ya 5, iliyotoka mwaka 2023, hazina kitu hicho. Zikiwa na intaneti huuliza saa huko. Zisipokuwa nayo, mfumo wake hutumia hila iitwayo fake-hwclock: huandika saa katika faili kila baada ya muda na wakati wa kuzimwa, kisha ukiwashwa huanzia pale ulipoandika mwisho.

Tufanye mfano. Saa iliandikwa mara ya mwisho saa 9:17 alasiri. Umeme ukakatika saa 9:40, ukarudi saa 12:10 jioni, na intaneti haipo. Bodi inawaka ikiamini kwamba ni saa 9:17. Ikiwa siku hiyo Magharibi inaingia saa 12:45, wakati huo skrini itaonyesha saa 9:52 alasiri. Itatangaza Magharibi saa 3:38 usiku, Isha ikiwa imeshaingia zamani.

Dawa ni kuongeza kifaa cha saa chenye betri. Kinachotumika sana ni chipu ya DS3231, ambayo katika joto la kawaida la chumba hukosea takriban dakika moja kwa mwaka mzima. Huunganishwa na bodi kwa nyaya nne: umeme wa volti 3.3, ardhi, na nyaya mbili za mawasiliano ya njia iitwayo I2C. Misikiti mingi yenye skrini za namna hii inahitaji chipu hiyo au nyingine ya aina yake, na hapo ndipo somo letu hasa linapoanza.

VIFAA VINAVYOJITAMBULISHA NA VIFAA BUBU

Ukichomeka kipanya cha USB, kompyuta hukiuliza, "Wewe ni nani?" nacho hujibu jina la aina yake, mtengenezaji na kazi yake. Kifaa kimejitambulisha chenyewe.

Chipu ya saa iliyo kwenye I2C haina ulimi huo. Ina anwani tu. Anwani ya DS3231 ni 68 kwa hesabu ya kompyuta, huandikwa 0x68. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inaweza kugonga mlango namba 68 na kusikia kwamba kuna mtu ndani, lakini haiwezi kujua ni nani. Tena kuna hatari zaidi: chipu ya DS1307 hukaa anwani hiyo hiyo, na PCF8523 vilevile. Zote tatu ni saa, lakini hazikupangwa namna moja ndani. Katika DS3231 sekunde zimo katika chumba cha kwanza. Katika PCF8523 vyumba vitatu vya mwanzo ni vya mipangilio, na sekunde zinaanza chumba cha nne. Ukimwambia msomaji kwamba hii ni DS3231 kumbe ni PCF8523, atasoma mipangilio akadhani ni sekunde. Kifaa ni kizima, nyaya ni nzima, ila maelezo ni ya uongo.

Basi lazima mtu aiandikie kompyuta: katika anwani hii kuna kifaa fulani, cha aina fulani. Maandishi hayo, kwa vifaa vyote vya bodi, huitwa mti wa vifaa. Unaitwa mti kwa sababu umepangwa kwa shina na matawi: bodi ni shina, njia za mawasiliano ni matawi, na kifaa kimoja kimoja ni majani. Jani la chipu yetu huonekana hivi:

rtc@68 {
    compatible = "maxim,ds3231";
    reg = <0x68>;
};

Mstari wa kwanza unasema hapa pana saa. Neno "compatible" linataja aina: mtengenezaji, kisha jina la chipu. "reg" ni anwani. Keneli husoma jina hilo, hutafuta kiendeshi kinacholijua, na kukikabidhi kazi. Haibahatishi.

MFANO KUTOKA KATIKA FIQHI

Wenzangu mliosoma mlango wa biashara mtakumbuka bei ya salam. Mnunuzi hulipa leo, bidhaa italetwa baadaye. Bidhaa haipo mbele ya macho, kwa hiyo haiwezi kujulikana kwa kuonwa. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya msimu, akawaelekeza kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Wanazuoni wakajenga juu ya hapo: kisichoonekana hujulikana kwa sifa, na sifa zikiwa na utata, mkataba una gharari.

Mti wa vifaa ni wasfu wa namna hiyo. Keneli haiioni chipu, inaletewa sifa zake kwa maandishi. Kama sifa ni kamili na za kweli, kazi inasihi. Kama zina utata au zimepitwa na wakati, inafanya kazi juu ya gharari. Na kama aya ya deni katika Suratul Baqarah, aya ya 282, inavyotufundisha kuandika ili pasiwe na shaka baadaye, ndivyo na hapa: aliyeunga nyaya atahitimu na kuondoka, maandishi ndiyo yatakayobaki.

HISTORIA FUPI

Wazo hili si geni. Kampuni ya Sun Microsystems ilikuwa na programu ya kuwashia kompyuta iliyoeleza vifaa kwa mpangilio wa mti, na mwaka 1994 mpangilio huo ukawa kanuni rasmi iitwayo IEEE 1275, au Open Firmware. Kompyuta za Macintosh zenye prosesa za PowerPC ziliutumia.

Ulimwengu wa prosesa za ARM, zinazoendesha simu zetu na bodi hizi ndogo, ulikwenda njia nyingine. Kila bodi ilikuwa na faili lake la lugha ya C ndani ya keneli, likieleza vifaa vya bodi hiyo tu. Bodi zikawa nyingi, mafaili yakajaa, yakagongana. Mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani kuhusu vurugu hiyo. Tangu hapo maelezo ya bodi za ARM yakaanza kutolewa ndani ya keneli na kuwekwa katika mti wa vifaa. Keneli moja sasa inaweza kuwasha bodi nyingi tofauti, kila moja ikija na maelezo yake. Kanuni zenyewe leo zimo katika waraka uitwao Devicetree Specification, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2016.

Raspberry Pi ilianza kuuzwa mwaka 2012 kwa mtindo wa zamani. Ilihamia mti wa vifaa mwanzoni mwa 2015, pamoja na keneli ya 3.18. Watu waliosasisha wakati huo walikuta vifaa vyao vya I2C vimenyamaza. Havikuharibika. Chini ya mpangilio mpya, I2C ilikuwa imezimwa mpaka mwenye bodi aandike kwamba anaitaka.

NINI HASA HUBADILIKA UNAPOSASISHA

Neno "kusasisha" hujumuisha mambo matatu, na kuyachanganya ndiko kunakoleta taabu.

La kwanza ni fimwea, yaani programu ndogo inayoiamsha bodi kabla ya mfumo kuanza. Katika Pi 3 na za nyuma yake, mafaili ya fimwea hukaa kwenye kadi ya kumbukumbu. Katika Pi 4, sehemu ya kwanza imo ndani ya chipu ya bodi yenyewe na sehemu nyingine kwenye kadi. Katika Pi 5 yote imo ndani ya bodi.

La pili ni mti wa vifaa. Hukaa kwenye kadi, katika mafaili yenye mwisho wa .dtb, moja kwa kila aina ya bodi. Pembeni yake kuna folda ya nyongeza, mafaili ya .dtbo, ambayo kila moja ni tawi linaloweza kupachikwa kwenye mti. Fimwea husoma mti, hupachika nyongeza ulizoomba katika faili la config.txt, kisha huukabidhi kwa keneli.

La tatu ni keneli yenyewe.

Ukisasisha kwa njia ya kawaida ya mfumo, vinavyokaa kwenye kadi huja pamoja na kupatana. Mtu akinakili keneli mpya peke yake kutoka kadi nyingine, na mti ukabaki wa zamani, amemletea msomaji mpya barua ya zamani. Waandishi wa Linux wana kanuni nzuri hapa: keneli mpya isivunje mti wa zamani, kwa sababu maelezo yakishatolewa ni kama mkataba. Lakini mkataba huo unalinda maelezo yaliyoandikwa kwa kanuni tu. Haulindi njia za mkato.

Njia za mkato ninazozikusudia ni hizi mbili.

Ya kwanza ni mstari kama huu, ambao katika bodi za zamani uliwekwa kwenye faili la /etc/rc.local:

echo ds1307 0x68 > /sys/class/i2c-adapter/i2c-1/new_device

Mstari huu unamwambia keneli jina la chipu baada ya mfumo kuwaka, kwa kuchelewa na nje ya mti. Unategemea pia kwamba njia ya I2C ni namba 1. Katika bodi za mwanzo kabisa za 2012 ilikuwa namba 0, na zilizofuata ikawa 1. Tena ukiuacha mstari huu na kuongeza nyongeza mpya ya mti, vitu viwili vitadai anwani moja.

Ya pili ni namba za pini. Baadhi ya skrini huwasha amplifaya ya adhana kupitia rilei iliyounganishwa na pini, tuseme GPIO 17. Programu za zamani ziliandika moja kwa moja ndani ya folda ya /sys/class/gpio/gpio17. Katika keneli ya 6.6, hesabu ya namba hizo kwenye Pi 4 ilianza 512, hivyo pini ileile ikawa 529. Programu haioni tena "gpio17", na adhana inabaki kimya. Anayetumia maktaba inayotaja pini kwa jina la chipu na nafasi yake, kama libgpiod, hakudhurika, kwa sababu alifuata maelezo badala ya kukariri namba.

HATUA ZA KUSASISHA KWA USALAMA

Fanya kazi hii baada ya Isha, si saa moja kabla ya Ijumaa, na kamwe si katika kumi la mwisho la Ramadhani. Mjulishe imamu na muadhini kwanza.

1. Nakili kadi yote kwenye kadi nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi. Kadi ya zamani iweke pembeni bila kuigusa. Huo ndio mlango wako wa kurudi.

2. Ijue bodi na keneli yako. Andika majibu kwenye daftari:

cat /proc/device-tree/model
uname -r

Amri ya kwanza inasoma jina la bodi kutoka katika mti wa vifaa wenyewe, ulio hai ndani ya kompyuta.

3. Ijue chipu yako kwa macho. Soma maandishi yaliyo juu yake kwa mwanga mzuri. Usitegemee anwani, maana tumeona chipu tatu zikiishi nyumba moja.

4. Tafuta njia za mkato za zamani. Fungua /etc/rc.local na uondoe mstari wa new_device kama upo. Kagua pia programu ya adhana kama inataja /sys/class/gpio.

5. Sasisha mfumo:

sudo apt update
sudo apt full-upgrade

Kwa Pi 4 na Pi 5, fimwea iliyo ndani ya bodi husasishwa kwa amri ya sudo rpi-eeprom-update -a, kisha bodi iwashwe upya. Hakikisha umeme hautakatika wakati huo. Kama jenereta au betri ya akiba ipo, itumie.

6. Andika maelezo mahali pake. Katika toleo la mfumo liitwalo Bookworm, lililotoka Oktoba 2023, faili la config.txt limehamia /boot/firmware/config.txt. Katika matoleo ya nyuma lilikuwa /boot/config.txt. Ongeza mistari hii miwili:

dtparam=i2c_arm=on
dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Wa kwanza unafungua njia ya I2C. Wa pili unapachika tawi la saa na kutaja jina la chipu. Kama chipu yako ni PCF8523, andika pcf8523 badala ya ds3231. Jina ni ushahidi, na ushahidi uwe wa kweli.

7. Ondoa hila ya zamani ya kukumbuka saa, ili isishindane na saa ya kweli:

sudo apt remove fake-hwclock

8. Washa upya, kisha tazama:

i2cdetect -y 1
timedatectl

Katika jedwali la amri ya kwanza, mahali pa 68 patakuwa na herufi UU. Maana yake kiendeshi kimeshaichukua chipu. Ukiona 68 badala ya UU, chipu ipo lakini hakuna aliyeichukua: kagua jina uliloandika. Usipoona chochote, kagua nyaya. Amri ya pili inaonyesha saa ya mfumo na, katika mstari wa RTC, saa ya chipu. Chipu mpya huwa haijawekwa saa. Subiri bodi ipate saa sahihi kutoka intaneti, kisha iandike kwenye chipu kwa sudo hwclock -w. Katika Bookworm amri hiyo imo katika kifurushi kiitwacho util-linux-extra.

9. Fanya jaribio la kweli. Toa waya wa mtandao au zima Wi-Fi ya bodi. Zima bodi na chomoa umeme. Subiri dakika kumi, washa, na linganisha na simu yako. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, kwa sababu skrini imeshawaka na kila kitu kinaonekana sawa. Lakini bodi yenye intaneti huonyesha saa sahihi hata kama chipu imekufa. Kosa litajitokeza siku umeme na intaneti vitakapokosekana pamoja.

Kama baada ya jaribio mstari wa RTC ni sahihi lakini saa ya mfumo si sahihi, maelezo yako kwenye mti ni mazuri. Kilichokosekana ni kunakili saa kutoka chipu kwenda kwenye mfumo. Amri ya sudo hwclock -s hufanya hivyo, na inafaa iwekwe itekelezwe kila bodi inapowaka.

Mwenye Pi 5 ana njia fupi: bodi hiyo ina saa yake ndani, inahitaji kuwekewa betri tu kwenye soketi yake. Lakini hata hapo maelezo yana kazi. Bodi haichaji betri hiyo mpaka uandike katika config.txt:

dtparam=rtc_bbat_vchg=3000000

Na uandike hivyo ikiwa tu betri ni ya aina inayochajiwa. Betri isiyochajiwa ikilazimishwa kuchajiwa ni hatari.

JE, TUHAMIE ACPI?

Wapo watakaosema kwamba mti wa vifaa nao ni wa zamani, na kwamba kompyuta kubwa hutumia ACPI. ACPI ni kanuni nyingine ya kueleza vifaa, iliyotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba kwa ajili ya kompyuta za kawaida. Mwaka 2014 toleo la 5.1 liliongeza mambo ya prosesa za ARM, na Pi 4 inaweza kuwekewa fimwea ya UEFI yenye kutoa maelezo ya ACPI.

Kwa seva zinazohitaji mfumo mmoja kuwaka juu ya mashine za watengenezaji wengi, hilo lina faida. Kwa saa ya msikiti, hapana. Nyongeza ya i2c-rtc hupachikwa kwenye mti wa vifaa. Ukichagua ACPI peke yake, keneli haitausoma mti huo, na chipu yako itarudi kuwa bubu. Upya wa kitu si hoja. Hoja ni kama kinatimiza makusudio. Hapa makusudio ni wakati sahihi baada ya umeme kurudi, na mti wa vifaa unayatimiza.

MAANDISHI NI AMANA

Kuna jambo moja ambalo hakuna amri inayolifanya. Chukua karatasi, andika: aina ya bodi, jina la chipu ya saa, mistari uliyoongeza katika config.txt, pini ya rilei, tarehe uliyosasisha, na mahali kadi ya akiba ilipo. Ibandike nyuma ya skrini, na nakala nyingine iwe kwa katibu wa msikiti. Ukihitimu, anayekufuata asianze kwa kubahatisha. Umempa wasfu, kama fimwea inavyompa keneli.

Na tusisahau mipaka ya chombo. Kanuni ya fiqhi inasema yakini haiondolewi na shaka. Umeme ukirudi na skrini ikaonyesha saa inayotia shaka, asili ni kwamba wakati haujaingia mpaka ithibiti. Muadhini atazame saa yake, atazame jua na upeo, aulize jirani. Skrini ni msaidizi wa muwaqqit, haijachukua dhamana yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kipanya cha USB hakihitaji kuandikwa kwenye mti wa vifaa, lakini chipu ya DS3231 inahitaji?
2. Msikiti una chipu ya PCF8523, lakini config.txt inasema ds3231. Eleza nini kitatokea na kwa nini herufi UU peke yake si uthibitisho wa kutosha.
3. Baada ya kusasisha, saa ni sahihi kila siku. Je, unaweza kusema kazi imekamilika? Taja jaribio linalokosekana.
4. Linganisha masharti ya wasfu katika bei ya salam na mistari ya jani la mti wa vifaa. Wapi yanafanana, na wapi mfano unafikia mwisho wake?

Swali la nne tulijadili pamoja katika darasa la baada ya Alasiri, inshaallah. Mwenye saa ya msikiti inayosumbua aje na karatasi yake ya maelezo, na asiyekuwa nayo aje tuiandike.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozihifadhi swala zao kwa nyakati zake. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.